Ukali Si Nguvu

Kivumishi -kali hakina likizo. Kisu ni kikali, jua ni kali, mbwa ni mkali, mwalimu wa zamu ni mkali, pilipili ni kali, ndimu ni kali, na wimbo mpya ukishika mitaani vijana husema huo ndio mkali. Ukitaka kujua neno hili linafanya kazi ngapi, litafutie kinyume. Kinyume cha kisu kikali ni kisu butu. Mbwa asiye mkali ni mpole, chungwa lisilo kali ni tamu, chai isiyo kali ni nyepesi. Kila ukali una kinyume chake, na katika orodha hiyo yote hakuna mahali ambapo msemaji wa Kiswahili atakutajia "dhaifu". Hakuna kisu dhaifu wala ndimu dhaifu.

Isipokuwa darasani. Huko, tangu watoto wa shule ya msingi nchini Tanzania walipoanza kujifunza sayansi kwa Kiswahili, "asidi kali" na "asidi dhaifu" zimewekwa mkabala kana kwamba ni jozi ya kuzaliwa. Jozi hiyo imetuingiza katika fujo ambayo mkemia haioni, maana yeye anajua anachokusudia, lakini mwanafunzi anaibeba hadi uzeeni. Anatoka shuleni akiamini kwamba asidi kali ni ile inayounguza, na asidi dhaifu ni ile unayoweza kuitia kwenye kachumbari. Yote mawili si kweli.

Kuna na neno la tatu linalochafua zaidi mambo. Magazeti hayamwagi asidi; humwaga tindikali. Ukisoma habari ya mtu aliyeshambuliwa na kuharibiwa uso, neno litakuwa tindikali, na kwa wasomaji wengi tindikali ni kitu kimoja na asidi ni kitu kingine: moja ni silaha ya waovu, nyingine ni somo la darasa la sita. Kamusi zitakuambia ni kitu kilekile. Mtaa haukubali, na mimi siulaumu mtaa. Lugha imejiwekea mpaka kati ya asidi kama aina ya kemikali na asidi kama janga, na mpaka huo una maana yake. Tatizo ni kwamba tindikali nayo imebeba -kali mkiani, na jamaa yake wa upande wa pili, alkali, amelibeba vilevile, ingawa hilo la alkali ni sadfa tupu. Alkali ni Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea ya chumvichumvi iliyokuwa ikichomwa ili kupata malighafi ya sabuni na kioo. Haina undugu wowote na ukali wa pilipili. Lakini nenda kamweleze hilo mtoto anayeona herufi nne zilezile zimekaa mwishoni mwa maneno yote mawili.

Basi tuanze na kile ambacho mkemia anakusudia.

Mwaka 1884 kijana wa Kiswidi, Svante Arrhenius, aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Alikuwa amechunguza jinsi miyeyusho ya chumvi, asidi na besi inavyopitisha umeme, na hoja yake ilikuwa kwamba vitu hivi vikiingia majini huachana vipandevipande vyenye chaji, yaani ioni. Maprofesa wake hawakupendezwa. Walimpa daraja la chini kiasi kwamba nusura aikose njia ya kufundisha chuoni. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Katika hoja hiyo ndimo mlimozaliwa maana ya kisayansi ya nguvu ya asidi. Asidi ni yenye nguvu ikiwa molekuli zake karibu zote huachana zikiingia majini na kutoa ioni za hidrojeni. Ni dhaifu ikiwa ni chache tu zinazoachana, na nyingine zinabaki zimeshikamana. Hapo hapajatajwa kuunguza, hapajatajwa sumu, wala kiasi cha asidi kilichomo chupani.

Mwaka 1923 Brønsted wa Copenhagen na Lowry wa Cambridge, kila mmoja kivyake, waliisogeza maana hiyo mbele: asidi ni mtoaji wa protoni, besi ni mpokeaji. Ukilichukua tamko hilo kwa Kiswahili chake hasa, jozi sahihi haiwi tena kali na dhaifu. Inakuwa karimu na bahili. Asidi ya hidrokloriki ni karimu: ukiiweka majini inagawa protoni zake zote bila kuombwa mara mbili. Asidi ya siki ni mkono wa birika. Katika myeyusho wa moli 0.1 kwa lita, kati ya kila molekuli 1,000 za asidi ya siki ni kama 13 tu zilizotoa protoni, 987 zimefumbata. Ndiyo maana miyeyusho hiyo miwili, yenye kiasi kilekile cha asidi, hupimika tofauti: wa kwanza una pH 1, wa pili karibu 2.9. (Kipimo chenyewe cha pH kilitoka kwenye maabara ya kiwanda cha bia. Sørensen alikibuni mwaka 1909 akiwa katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen.)

Sipendekezi tuandike "asidi bahili" vitabuni. Watoto watacheka, na mwalimu atacheka nao. Lakini ubahili unafundisha jambo ambalo udhaifu haulifundishi, nalo ndilo kiini cha namna asidi na besi zinavyotendana.

Chukua sentimita za ujazo 25 za asidi ya hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, na kiasi hichohicho cha asidi ya siki ya moli 0.1. Moja yenye nguvu, nyingine dhaifu. Kila moja idondoshee hidroksidi ya sodiamu, ile ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki, nayo ya moli 0.1. Ni ipi itakayohitaji kostiki nyingi zaidi ili iishe? Mwanafunzi aliyefundishwa "kali" atajibu hidrokloriki, na atajibu kwa uhakika. Jibu ni kwamba zote mbili zinahitaji sentimita 25 zilezile. Kwa sababu bahili hana kidogo. Ana kilekile alichonacho karimu, ila hakitoi mpaka abanwe. Kostiki inapozichukua zile protoni chache zilizo nje, mizani inavurugika, na molekuli nyingine zinalazimika kutoa. Hizo nazo zikichukuliwa, zinatoa nyingine, hadi mkono wote umefunguka. Neno "dhaifu" linamficha mwanafunzi jambo hili, maana mtu dhaifu huchoka mapema, ilhali asidi dhaifu haichoki, inachelewa kutoa.

Kuchelewa huko unaweza kukuona kwa macho. Kipande cha jiwe la matumbawe, lile lililojenga nyumba za Mji Mkongwe na Lamu, ni kalisi kabonati kwa sehemu kubwa. Hidrokloriki ikilidondokea, povu linafoka papo hapo. Siki yenye kiasi sawa cha asidi inatoa vipovu vya polepole. Jiwe likiwa la kutosha, na subira ikiwa ya kutosha, gesi itakayotoka mwishoni inalingana. Hapa ndipo ninapoona kwamba nguvu ya asidi, katika vitendo, mara nyingi humfikia mtu kama kasi. Anayetazama kwa dakika moja ataapa kwamba asidi moja ina zaidi ya nyingine.

Sasa tuuingize mhimili wa pili, wa kiasi. Kiswahili kilikuwa tayari na maneno yake tangu enzi za chungu na mtungi, na kwa bahati waundaji wa istilahi waliyaona. Chumvi hukolea, rangi hukolea, mapenzi hukolea. Hivyo myeyusho wenye kiasi kikubwa cha asidi umekolea, na kipimo chake ni mkolezo. Kinyume chake ni kuzimua, yaani kutia maji kupunguza makali, kama wanywaji wa tembo wanavyojua. (Wanywaji wa leo wa Bara wameligeuza: kuzimua ni kunywa tena asubuhi ili kutuliza maumivu ya jana. Hiyo si kemia, ingawa wenyewe hubisha.) Jozi ya kukolea na kuzimua ni imara kuliko chochote tunachoweza kuazima. Msikilizaji anaielewa kabla hujamaliza sentensi.

Ila hata hapo kuna mshangao. Ukiizimua ile asidi ya siki mara mia, kutoka moli 0.1 hadi moli 0.001, sehemu ya molekuli zilizotoa protoni haipungui. Inapanda, kutoka kama 13 katika 1,000 hadi kama 125. Ostwald aliieleza kanuni hiyo mwaka 1888. Jumla ya protoni kwenye kila lita imeshuka, ndiyo, na pH imepanda hadi karibu 3.9, lakini ubahili umelegea. Mkolezo umeshuka huku mgawanyiko ukiongezeka, na kitu kimoja tu hakijasogea: uwiano usiobadilika wa asidi hiyo, ule ambao wakemia huuandika kwa K. Huo ndio nguvu yake. Ni tabia ya molekuli, wala haitegemei umejaza chupa au glasi. Mtu akisema "asidi hii ilikuwa kali lakini nimeizimua ikawa dhaifu", amesema Kiswahili safi na kemia mbovu. Hidrokloriki iliyozimuliwa ni asidi yenye nguvu iliyozimuliwa. Ndiyo hiyo iliyomo tumboni mwako sasa hivi.

Mhimili wa tatu ndio wa kutisha, na ndio hasa unaostahili neno kali: madhara. Hapa kuna asidi mbili dhaifu ambazo ningetamani kila kitabu cha shule kizitaje.

Ya kwanza ni asidi ya hidrofloriki. Kwa kipimo hicho cha nguvu majini ni dhaifu, ingawa inaizidi asidi ya siki. Lakini haihifadhiwi kwenye chupa ya kioo, kwa sababu hukila kioo. Ikigusa ngozi hupenya hadi ndani, hukamata kalisi ya mwili, na inaweza kuusimamisha moyo wa mtu ambaye mwanzoni hakuhisi hata maumivu makubwa. Madhara hayo hayaletwi na protoni. Yanaletwa na floridi, yaani kile kinachobaki protoni ikishatoka. Nguvu ya asidi inazungumzia protoni peke yake. Kilichobaki nyuma kina tabia zake na hakiulizwi na mtu.

Ya pili tunaijua vizuri zaidi, ingawa hatuiiti asidi. Muhogo mchungu una kemikali ambayo, muhogo ukikwanguliwa au kupondwa, huachia sianidi ya hidrojeni. Hiyo ni asidi. Tena ni dhaifu kupita kiasi: uwiano wake ni mdogo kuliko wa siki kwa zaidi ya mara 10,000. Kwenye kipimo cha ubahili inakaribia kufumbata kabisa. Na inaua. Pale ambapo muhogo mchungu unaliwa kila siku bila kuandaliwa inavyopasa, hasa miaka ya njaa ambapo watu hukosa subira ya kuuvundika na kuuanika vya kutosha, hutokea ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo. Wilayani Tarime, miaka ya 1980, uliwapata watu wengi, na watafiti walikwenda kuuchunguza huko. Bibi anayetengeneza udaga au makopa, anayeloweka, anayevundika, anayeanika juani siku kadhaa, anaiondoa asidi hiyo bila kuwahi kusikia jina lake. Kinachomsaidia ni kwamba huchemka kwenye nyuzi kama 26 tu za selisiasi, hivyo hewa na jua huichukua. Mwambie bibi huyo kwamba sumu ya muhogo ni "asidi dhaifu" halafu usikilize atakavyokujibu.

Kwa nini basi nisipendekeze tulitupe "dhaifu" pamoja na "kali"? Kwa sababu dhaifu lina historia nyingine, iliyo tukufu. Wanafunzi wa madrasa wanajua hadithi dhaifu. Si hadithi fupi, wala hadithi isiyo na mafunzo. Ni ile ambayo mnyororo wa wapokezi wake una kasoro, kwa vigezo vilivyowekwa na wanazuoni. Yaani Kiswahili kimeshalitumia neno hili kama istilahi, likiwa na maana nyembamba iliyofafanuliwa na fani, na hakuna msikilizaji wa darsa anayedhani kwamba hadithi dhaifu inaumwa. Fani moja imeweza, nyingine itaweza. Dhaifu libaki, lakini lirudishiwe mwenzake wa halali, ambaye ni "yenye nguvu". Kali tuiachie chupa, ngozi na macho. Najua wapo watakaosema kwamba "asidi yenye nguvu" ni ndefu na "asidi kali" ni fupi, na kwamba kamusi zimeshachapwa tangu ile ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Ufupi ni hoja nzuri katika mambo yasiyounguza watu.

Limebaki neno la tendo lenyewe. Asidi na besi zikikutana, wapo wanaosema zinabatilishana. Sijawahi kulipenda. Kinachobatilishwa ni ndoa, kura au mkataba, na baada ya kubatilishwa ni kana kwamba hakikuwahi kuwapo. Asidi na besi zikikutana kinapatikana kitu kipya: chumvi na maji, pamoja na joto. Hidrokloriki na kostiki hutoa kilojuli kama 57 kwa kila moli ya maji yanayoundwa. Asidi ya sianidi na kostiki hutoa kama 12 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya joto inaliwa na kazi ya kumfumbua bahili mkono.

Kibaya zaidi, "kubatilishana" linaahidi kwamba mwisho wa safari ni katikati, pH 7, si huku wala kule. Ahadi hiyo hutimia pale tu asidi na besi zinapolingana nguvu. Hidrokloriki na kostiki huishia 7. Siki na amonia nazo huishia 7, kwa kuwa mabahili hao wawili, kwa sadfa ya maumbile, wana ubahili unaokaribiana mno. Lakini siki na kostiki, katika ile mifano yetu ya moli 0.1, zikitoshana kabisa myeyusho unasimama karibu 8.7, upande wa besi. Hidrokloriki na amonia husimama karibu 5.3, upande wa asidi. Aliye na nguvu ndiye anayeacha alama yake kwenye chumvi. Ndiyo maana kiashiria, ile rangi inayotangaza mwisho wa safari, huchaguliwa. Fenolfthalini hugeuka waridi kuanzia 8.3 hivi, na hapo huikuta siki imekwisha kweli. Methili oranji ikitumiwa kwa siki na kostiki itamaliza kugeuka rangi kwenye 4.4, wakati siki haijafika hata nusu ya njia. Mimi ningesema asidi na besi zinatoshana. Wanaopenda batili wabaki nayo, mradi wasiandike kwamba matokeo ni maji matupu.

Upande wa besi msamiati wetu ni maskini zaidi, na sijui kwa nini hatuuonei haya. "Besi" yenyewe wengi wanaijua kama gitaa. Hatuna kivumishi cha jikoni kinachosema "enye tabia ya besi" kama uchachu unavyosema asidi; tuna uchungu na utelezi, basi. Na bado tuna magadi, ambayo ni mfano bora kuliko ule wa vitabuni. Kabonati iliyomo ndani yake ni besi dhaifu. Kipande kidogo kwenye sufuria kinalainisha maharage na makande. Lakini iliyokolea katika Ziwa Natron hufikisha maji pH 10 na kupita, maji yanayochoma ngozi ya binadamu na ambayo heroe wadogo huzalia kando yake bila wasiwasi. Dhaifu, imekolea, kali: maneno matatu, ziwa moja, wala hayagombani.

Watengeneza sabuni wangeyahitaji maneno hayo kuliko wote. Sabuni ikiunguza mikono husemwa ni kali, na mara nyingi ni kweli kwamba kostiki ilizidi au haikupewa muda wa kumalizana na mafuta. Hiyo hurekebishwa kwa mizani na kwa kuiacha sabuni ikae wiki kadhaa. Lakini hata iliyopikwa kwa vipimo sahihi, isiyo na chembe ya kostiki ya ziada, itapima kati ya 9 na 10 na itawasha macho, kwa sababu sabuni ni chumvi ya asidi dhaifu za mafuta na besi yenye nguvu. Mteja anayerudisha kipande dukani akilalamika kwamba ni kali anaweza kuwa anasema moja kati ya mambo hayo mawili, na fundi hawezi kujua ni lipi kwa kusikiliza. Itabidi apime.